Jinsi ya kupata leseni ya mgahawa Dar es Salaam: anza na fremu

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni jikoni kwangu. Wengi mmeniuliza safari ya kupata leseni ya mgahawa ilikuwaje, na leo nawaonyesha karatasi moja baada ya nyingine. Nazungumzia mgahawa wa chakula hapa Dar es Salaam, wa meza tano sita, unaomilikiwa na mtu mmoja, si kampuni. Chukua daftari.

Kabla hatujafika kwenye kompyuta, twende kwenye fremu. Watu huanza na jina, wengine huanza na bango. Mimi nakusihi uanze na chumba chenyewe, kwa sababu leseni hutolewa kwa biashara fulani katika sehemu fulani. Ukihama, au ukifungua tawi mtaa wa pili, hiyo ni leseni nyingine.

Fremu yangu ya kwanza niliilipia miezi sita kwa mkupuo. Nikapaka rangi, nikaweka dari, nikanunua viti. Afisa afya alipokuja akauliza maji machafu yanakwenda wapi. Hayakuwa na pa kwenda. Mwenye nyumba akakataa kuchimba shimo, na pesa yangu ya pango haikurudi. Nililia siku ile, ndiyo maana hatua hii naiweka mbele ya zote.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza: ukiipenda fremu, usimpe dalali pesa bado. Nenda ofisi ya kata, muulize afisa afya kama anaweza kuja kukutazamia sehemu kabla hujalipa. Angalia hapa kwangu: sakafu ya vigae inayosafishika, sinki la vyombo, na kando yake bomba la kunawia mikono, haya ni mawili tofauti. Pale dirishani kuna wavu wa kuzuia nzi. Pipa la taka lina mfuniko. Choo kipo, na hakifungukii jikoni. Ukiona choo kinachotumiwa na nyumba nzima na kinafungwa saa mbili usiku, tafuta fremu nyingine.

Hatua ya pili ni mkataba wa pango, na hapa naomba usikilize vizuri. Ukifika TRA, mamlaka ya mapato, utaulizwa mkataba. Ndipo wengi wanaposikia kwa mara ya kwanza habari ya kodi ya zuio. Mpangaji wa fremu ya biashara ndiye anayetakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Tuseme pango ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600,000, na zuio lake ni 360,000. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, inatoka kwenye pango analopokea. Lakini ukishampa pango lote mkononi, utaitoa mfukoni mwako, maana yeye hatarudisha. Kaeni chini mapema, mkubaliane, na kiandikwe kwenye mkataba: anapokea pesa iliyokwishakatwa. Kuna na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango. Kwa mfano wetu ni 36,000. Huo hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mwenye nyumba akikwambia "hayo mambo ya kodi utajua mwenyewe," mjue huyo kabla hujaingia kwake.

Hatua ya tatu, TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Unahitaji namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. TIN ni bure, narudia, ni bure, usimpe kishoka hata shilingi mia. Kama tayari unayo TIN uliyopewa wakati wa leseni ya udereva au kusajili pikipiki, usiombe ya pili. Mtu mmoja ana TIN moja. Waambie TRA unataka kuitumia kwa biashara.

Baada ya hapo unafanyiwa makadirio ya kodi. Afisa atakuuliza unategemea kuuza kiasi gani kwa mwaka. Sema ukweli uliopigiwa hesabu. Piga sahani za siku mara bei, mara siku utakazofungua, uende na karatasi hiyo mkononi. Ukijitutumua utapewa kodi usiyoiweza. Ukinyamaza, utakadiriwa na mtu asiyeijua biashara yako. Kodi yenyewe inalipwa kwa awamu nne kwa mwaka. Ukimaliza, omba cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi, kwa sababu halmashauri itakidai.

Jina la biashara ni jambo fupi. Ukiuza kwa majina yako halisi, si lazima kusajili. Ukitaka jina jingine, unaingia mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unaangalia kama halijachukuliwa, unalipia.

Sasa leseni yenyewe. Mgahawa wa aina hii hupewa leseni na halmashauri, kwa hiyo kama uko Temeke ni Temeke, uko Ubungo ni Ubungo. Maombi yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa halmashauri uitwao Tausi. Hapa kwenye skrini: unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unachagua halmashauri, kata na mtaa, kisha aina ya biashara. Taratibu hapo kwenye aina ya biashara, chagua mgahawa, usichague duka. Weka TIN, cheti cha kodi na mkataba. Ombi likipita unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Hakuna pesa ya kumkabidhi mtu mkononi, na risiti yako itunze.

Wakati ombi linasubiri, peleka wafanyakazi wakapime afya. Kila anayegusa chakula anapima, hata yule kijana wa kuosha vyombo, na vipimo hurudiwa kila baada ya miezi 6. Mimi mwenyewe napima, nao wananiona napima.

Ukipanga kuuza bia, hicho ni kibali kingine cha vileo chenye sheria yake, usidhani leseni ya chakula inakibeba.

Leseni ikitoka, ichapishe na uibandike pale mteja anapoiona. Yangu ipo hapa, juu ya kaunta, kwenye fremu ya kioo mafuta yasiifikie. Chini yake nimeandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kuisha, maana inadumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na pembeni tarehe za kupima afya za Zawadi, Musa na mimi.