Juu ya Mnara wa Vela, Granada: walinzi, bendera na kengele ya maji

Assalaam alaykum, hamjambo nyote mnaonitazama kutoka nyumbani, Tanga, Mombasa, Ujiji, Bukavu, popote mlipo. Leo niko Granada, kusini mwa Hispania, juu kabisa ya mnara unaoitwa Torre de la Vela. Upepo wa huku ni mkali, sauti ikikatika mnivumilie.

Ngoja nigeuze kamera. Huku mashariki ni majumba ya Alhambra, makao ya masultani wa zamani, na kule nyuma milima ya Sierra Nevada na theluji yake. Ng'ambo ya bonde la mto Darro, zile nyumba nyeupe zilizobanana kilimani, ni mtaa wa Albaicín. Chini yetu ni mji wenyewe, na kanisa kuu lao lile pale. Halafu tazameni magharibi, lile bonde pana la tambarare lenye mashamba. Linaitwa Vega. Likumbukeni hilo bonde, maana leo nataka kulisemea.

Wageni wengi wakifika hapa hupiga picha na bendera, wakaigusa kengele, wakashuka. Wanaondoka na habari ya siku moja tu katika maisha ya mnara huu, siku watekaji walipoinua bendera zao hapa. Mnara una zaidi ya miaka 700, jamani!

Mwaka 1238 Muhammad ibn al-Ahmar, mwanzilishi wa ukoo wa Banu Nasr, aliingia Granada. Wakati huo miji mikubwa ya Waislamu ilikuwa inaanguka mikononi mwa wafalme wa Kikristo, mmoja baada ya mwingine: Cordoba imeshatekwa mwaka 1236, Seville ikafuata 1248. Sultani aliyebaki na kipande cha nchi namna hiyo hana budi kuona mbali. Akajenga ngome hii, Alcazaba, akavuta maji ya Darro kwa mfereji mpaka juu ya kilima, akainua minara. Huu tuliosimama juu yake una kimo cha karibu mita 27, ghorofa nne, na chini kila upande una mita 16. Hapo juu palikuwa na meno ya ngome kama mnayoyaona kwenye picha, lakini yalipotea karne ya 16. Ndiyo maana leo kichwa chake kimekaa bapa.

Mlinzi wa hapa hakuwa peke yake. Huko mpakani, kwenye vilima vya upande wa mji wa Jaén, kulikuwa na minara midogo ya mviringo, mmoja ukiuona mwenzake. Adui akitokea, mchana wanatoa moshi, usiku wanawasha moto, na habari inaruka kilima hadi kilima mpaka inafika hapa. Katika ngome za njia hiyo ilikuwepo Moclín, ambayo Wakastilia wenyewe, yaani Wakristo wa ufalme wa Castile, waliiita ngao ya Granada. Walipoiteka mwaka 1486, jicho moja la mji huu likawa limetobolewa.

Sogea hapa ukingoni tuangalie chini. Mnaona hizo kuta fupi fupi, kama ramani iliyochorwa kwa matofali? Hizo ni nyumba za askari na familia zao. Kila moja ina kizingiti chake, kiua kidogo katikati, na vyumba ambavyo mtu mzima akinyoosha mikono anakaribia kugusa pande zote mbili. Pale mwisho ni hamamu yao, na pale birika la maji ya akiba. Lile shimo lenye mdomo mwembamba lilikuwa jela, mfungwa akishushwa kwa kamba. Mimi nimekaa juu ya vile vizingiti kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye majumba ya masultani, na sijuti. Watoto wamekulia pale, baba zao wakipokezana zamu huku juu.

Sasa sikilizeni hili, hasa ndugu zangu wa Kilwa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alifika Mombasa kisha Kilwa, akamsifu sana Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu wake. Mtu huyo huyo, karibu mwaka 1350, alikuja hapa Granada. Sultani wa wakati huo, Yusuf wa Kwanza, alikuwa mgonjwa, hawakuonana, lakini mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Na hapa hapa Granada ndipo alipokutana na kijana mwandishi, Ibn Juzayy, ambaye baadaye kule Fez, Morocco, aliandika masimulizi ya safari zake. Kwa hiyo mkono ulioandika habari za Kilwa yetu tunazozisoma leo ni mkono wa mtu wa mji huu. Nilipoliunganisha hilo nikiwa nimesimama hapa, mwili ulinisisimka.

Haya, siku ile ya bendera. Mkataba wa kuusalimisha mji ulitiwa saini tarehe 25 Novemba 1491, na tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Muhammad wa 12, ambaye Wahispania humwita Boabdil, akakabidhi funguo. Juu ya mnara huu ukainuliwa msalaba wa fedha na bendera za Malkia Isabel wa Castile na Mfalme Fernando wa Aragon, mji mzima ukiona. Mkataba uliwaahidi Waislamu misikiti yao, makadhi wao na dini yao. Ahadi haikumaliza miaka kumi: 1499 ubatizo wa nguvu ulishaanza, na 1502 amri ikatoka, ubatizwe au uhame. Wajukuu wao waliasi Desemba 1568, wakashindwa, wakatawanywa mbali na Granada, na kuanzia 1609 wakafukuzwa Hispania yote. Kila tarehe 2 Januari mji huu bado unafanya sherehe, na kila mwaka wapo wenyeji wa hapa hapa wanaoipinga. Mimi niko upande wa wanaoipinga.

Lakini watekaji walipotundika kengele hapa, waliipa kazi ambayo sikuitegemea. Kengele ya Vela ilikuwa inapigwa usiku, kwa mpangilio uliobadilika kadiri usiku ulivyosonga, ili mkulima kule Vega ajue saa na ajue zamu yake ya maji imefika. Nyie wa Kilimanjaro mnaoujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, na zamu zake hamhitaji maelezo: ukilala zamu yako ikapita, mahindi yako yamekwisha. Mifereji mikubwa ya bonde lile ni kazi ya Waislamu, na ugawaji wa maji ambao watekaji waliukuta haukuweza kufutwa kwa amri ya mfalme. Hata walipowatoa wajukuu wa Waislamu hao katika ufalme wa Granada, baadhi yao walibakizwa makusudi, kwa kuwa wao ndio waliojua njia za maji na mipaka ya mashamba. Waliochimba wakafukuzwa, zamu zao zikaendelea, na kengele ikazihesabu mpaka karne ya 20.

Kengele iliyopo ilisubiwa mwaka 1773. Radi iliivunja nyumba yake mwaka 1882 wakaijenga tena. Na tarehe ile ile 2 Januari wasichana hupanda kuipiga, kwani husemwa anayeipiga siku hiyo ataolewa kabla mwaka haujaisha. Foleni yake, nimeambiwa, si ya kawaida.

Mkija, tiketi ya Alhambra nunueni mapema mtandaoni, maana huisha, na hakikisheni ina Alcazaba. Wazee wenye magoti mabovu wajue ngazi ni nyembamba na hakuna lifti. Mimi sasa naelekea Santa Fe, mji uliojengwa mwaka 1491 kama kambi ya kuizingira Granada. Ni ule pale mbali tambarareni, na ndio video ijayo. Mwenye swali la Santa Fe aniandikie leo, nilibebe niende nalo.