Daftari Juu ya Kimbweta: Kipindi cha Mlimani

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuliwaahidi mwaka wa kwanza wanaopanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mambo matatu: usafiri, malazi, chakula. Lakini Festo, Jumanne nimekatiza chuoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vimbweta saba vina madaftari juu, mtu hata mmoja hayupo.

FESTO: Wamewahi nafasi, dada.

ZUHURA: Wamewahi au wamezuia?

FESTO: Tuanze na kimbweta chenyewe, mgeni asipotee. Ni meza ya zege na viti vya zege, vimejengwa palepale chini ya miti. Huwezi kukisogeza jua likikufuata. Ndiyo maana kuchagua ni kazi.

ZUHURA: Na wengi wanachagua kwa kuangalia kivuli cha saa hiyo tu.

FESTO: Hapo ndipo wanapokosea. Desemba jua la mchana Dar linaegemea kusini, kivuli cha mti kinaangukia kaskazini. Juni linahamia kaskazini, kivuli kinageuka. Kimbweta kilichokufaa mwanzo wa mwaka kinakuunguza wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Ukikaa upande wa mashariki wa jengo refu, kuanzia saa tisa alasiri umesalimika.

ZUHURA: Na zege linashika joto. Jua limezama, kiti bado cha moto. Beba kanga ya kukalia, au kipande cha boksi.

FESTO: Watu wanne, watano wanatosha. Wakifika wanane, wa pembeni hawasikii, wanaanza diskasheni yao.

ZUHURA: Mkate usiuweke mezani. Ngedere wa Mlimani wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki.

FESTO: Na begi lifungwe zipu mpaka mwisho. Ukiacha upenyo wa vidole viwili, mkono unaingia. Akishachukua, usimkimbize wala usimkazie macho, atakutolea meno.

ZUHURA: Na usimlishe. Ukimlisha leo, kesho anamrukia mwenzako. Sasa, yale madaftari.

FESTO: Aliyeamka saa kumi na moja ana haki yake. Kundi lina pepa saa nane, mmoja anatangulia kushika nafasi, wenzake wanaoga, wanakunywa chai.

ZUHURA: Saa kumi na moja anaamka anayelala ndani ya chuo. Anayetoka Kimara bado anagombania daladala. Huyo atawahi lini? Kimbweta ni cha chuo, daftari halisomi.

FESTO: Huyo aende maktaba mpya. Ile iliyofunguliwa 2018 ina viti 2,100.

ZUHURA: Maktaba ni kimya, Festo! Utamweleza mwenzako swali la hesabu kwa kunong'ona?

FESTO: Basi waweke muda. Nusu saa daftari likiwa peke yake, nafasi imekufa.

ZUHURA: Nani atapima hiyo nusu saa?

FESTO: Ngedere.

ZUHURA: Ngedere akipita, daftari lenyewe halipo! Lakini mimi nasema hata dakika tano ni nyingi. Mtu akiwa amesimama na kitabu mkononi, na kiti kiko wazi, akae.

FESTO: Akikaa, kundi likirudi ni ugomvi.

ZUHURA: Wakirudi wabanane. Hivi vitu vimewekwa ili watu wasome pamoja.

FESTO: Watabanana na watu wa kozi nyingine? Huyu sheria, yule uhandisi, nani ataongea nani anyamaze? Hapana, dada. Hilo silikubali.

ZUHURA: Na mimi la daftari silikubali.

FESTO: Tumebakiwa na dakika mbili.

ZUHURA: Mungu wangu, hata malazi hatujagusa. Haraka: anayeshukia Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma ina magari yenye kasi, avuke na kundi. Festo, chakula?

FESTO: Kantini, fika kabla ya saa saba. Vipindi vikitoka foleni inafika mlangoni, na wali wa moto unaisha, unabaki ukoko.

ZUHURA: Malazi wiki ijayo.

FESTO: Na mvua za vuli ndizo hizi, Mlimani maji yanateremka kwa nguvu. Begi la laptopu usiliweke chini, hata pale kwenye...

ZUHURA: Muda, kaka.

FESTO: ...kwenye kimbweta ulichowahi kwa haki.

ZUHURA: Festo!