Ishigaki Rin, mshairi aliyekuwa karani wa benki

Habari zenu, ndugu zangu mlioko nyumbani. Leo nimeiweka kamera jikoni, hapa Tokyo, kwa kuwa ndani ya bakuli hili nimeroweka kome wadogo ili wateme mchanga, na kila ninapowaona wameachama humkumbuka mshairi Ishigaki Rin.

Alizaliwa mwaka 1920 katika mtaa wa Akasaka, hapa hapa Tokyo, na mwaka 1934, akiwa binti wa miaka 14, aliajiriwa benki, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 1975. Nyumba yao iliteketea kwa mabomu ya mwaka 1945, na vita vilipokwisha, mshahara wake ndio uliowalisha babu, baba aliyekuwa hajiwezi, mama wa kambo na ndugu zake. Ninyi mnaousubiri mwisho wa mwezi pamoja nami (sitaji mtu) mzigo huo mnaufahamu.

Hakuandikia faraghani pekee. Mwaka 1952 chama cha wafanyakazi kilimtaka atunge shairi la kubandikwa kwenye ukuta wa kazini, kando ya picha ya uso ulioungua kwa bomu la Hiroshima, naye akaliita "Salamu", ili wenzake wakutane nalo asubuhi wanapoingia.

Lakini linaloninyima usingizi ni shairi la kome. Mwanamke anaamka usiku wa manane, anawakuta hai pembeni mwa jiko, anawaambia kwamba kukipambazuka atawala wote, kisha anacheka kicheko cha kibibi mla watu; baada ya hapo, hana budi kulala naye kinywa wazi kidogo. Katika shairi jingine anahesabu alivyokula ili aishi: wali, mboga, nyama, hewa, maji, halafu, bila kubadili sauti, wazazi, ndugu na walimu. Kwa maoni yangu, ni mtu aliyewalisha wengine miaka mingi tu anayeweza kujihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa walaji.

Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Ya pili, ya mwaka 1968, ilimpatia tuzo ya H, tuzo ya ushairi ya Japani, mwaka uliofuata. Humo limo shairi la kibao cha jina mlangoni, ambamo anakumbuka jinsi hospitali ilivyomwongezea jina neno la heshima, "sama", na kuona kwamba hata tanuri la kuchomea maiti litamwongezea jingine, "dono". Kwa hiyo pale anapoishi anataka akiandike kibao hicho kwa mkono wake: Ishigaki Rin, basi.