Daktari aliuliza dawa, sikutaja kapsuli

Zuhura: Karibuni tena. Kaka Baraka, wiki yangu iliishia kwenye kipimo cha damu.

Baraka: Nilikuona umenyamaza tangu Jumanne. Pole sana, dada.

Zuhura: Nimeshapoa. Nilikwenda kupima afya tu, majibu yakaja ALT iko juu, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida. Hicho ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, kinavujia kwenye damu. Daktari akauliza, "Unatumia dawa yoyote?" Nikajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa.

Baraka: Na zile kapsuli za bizari ya manjano?

Zuhura: Ndizo hizo. Miezi minne, asubuhi na jioni. Kopo limeandikwa "husafisha ini".

Baraka: Hapo ndipo ninapokwama. Ini si chujio, useme utaligonga ukingoni makapi yadondoke!

Zuhura: Haya, limeanza chujio lako. Kwenye kipindi cha figo ulisema figo ni chujio, tukakubali.

Baraka: Figo ni chujio. Ini ni jiko.

Zuhura: Jiko nalo husafishwa.

Baraka: Subiri. Nasema jiko kwa sababu kila unachomeza kinapelekwa pale kubadilishwa. Na mara nyingine kinachotoka ni kibaya kuliko kilichoingia. Kuna mmea unaitwa comfrey. Una sumu ambazo zenyewe zimelala. Ini ndilo linalozigeuza kuwa kali, nazo zinaziba vishipa vyake vidogo. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waache kuuza comfrey ya kumeza.

Zuhura: Kwa hiyo mpishi anaungua kwa alichopika mwenyewe.

Baraka: Mpishi ameletewa! Hakwenda sokoni.

Zuhura: *(anacheka)* Basi mimi ndiye niliyekwenda sokoni. Lakini manjano, Baraka? Kitu tunachokijua tangu utotoni?

Baraka: Unachokijua ni kijiko kwenye chungu. Kwenye kapsuli kurkumini, ile dutu ya rangi ya manjano yenyewe, imekolezwa, halafu wengi wanatia dutu ya pilipili manga ili mwili ufyonze zaidi. Watafiti Marekani waliwachunguza wagonjwa 10 walioumia ini kwa manjano. Mmoja alifariki. Saba walikuwa na aina moja ya jeni, HLA-B*35:01. Hiyo huwezi kuisoma kwenye kopo.

Zuhura: Ningejua hayo, ningetumia silimarini, ile inayotoka kwenye mbegu za mmea. Kila mtu anaisifu.

Baraka: Hiyo kwa kweli ni pole, mara chache sana inaumiza. Ila mwaka 2012 ulitoka utafiti wa watu 154 wenye homa ya ini C. Wiki 24, dozi kubwa, na ALT zao hazikushuka kuliko za waliopewa vidonge bandia, visivyo na dawa ndani. Jiko halikung'aa.

Zuhura: Sasa nisikilize. Kilichoniuma zaidi ni lile swali. Daktari angeuliza, "Mitishamba je? Vidonge vya dukani, unga, chai za kupunguza uzito?" ningemwambia palepale. Aliuliza dawa. Kapsuli zile haziitwi dawa, hata kwenye kopo wameandika kirutubisho.

Baraka: Dada, ulikuwa unazimeza kwa ajili ya ini. Ukimeza kitu ili kikutibu, ni dawa. Ulipaswa kusema.

Zuhura: Sikuficha.

Baraka: Sijasema umeficha. Nasema mwili ni wako, na wewe ndiye unayejua kilichomo.

Zuhura: Na yeye ndiye aliyesomea! Yeye anajua kwamba ini linaumizwa na mitishamba, mimi sijui. Asiyejua hawezi kujua kipi ataje.

Baraka: Akuulize vitu vingapi? Mgonjwa ana dakika chache mle ndani.

Zuhura: Swali moja la nyongeza. Moja tu.

Baraka: Mimi bado naona ni juu yako.

Zuhura: Na mimi naona ni juu yake. Tuache hapo.

Baraka: Tuache. Tulikuwa tumeandika mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji…

Zuhura: Dakika zimebaki mbili. Chujio limezila zote.

Baraka: Jiko!

Zuhura: Basi niwaambie hili tu. Kama unameza kitu cha aina hiyo na macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi mweusi, mwili unawasha, usingoje kipindi kijacho. Acha, nenda leo.

Baraka: Na wewe je?

Zuhura: Nimeacha tangu Jumanne. Kopo nililipeleka kwa daktari, akaligeuza, akasoma nyuma yote, akapiga picha.

Baraka: Akasema nini?

Zuhura: Nirudie kipimo Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakupigia kabla hatujarekodi.