Chumvi Walinunuaje? Biashara ya Wainka Bila Sarafu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wanafunzi wangu wakisikia kwamba Wainka, watu wa milima ya Amerika Kusini, walitawala mamilioni ya watu, kutoka Ekuado ya leo hadi katikati ya Chile, pasipo sarafu, huuliza mara moja: sasa chumvi walinunuaje? Swali zuri sana. Jibu lake linaanzia mlimani.

Andes, safu ya milima walikoishi, ni nchi ya ngazi. Pwani kuna samaki na pamba. Panda mabondeni, utakuta mahindi. Panda tena, viazi. Ukipita mita 4,000 ni nyasi na llama tu, mnyama aliye binamu wa ngamia. Hakuna ngazi inayojitosheleza, kwa hiyo jamii moja ilituma watu wake wakaishi kwenye ngazi mbalimbali. Walupaqa wa kando ya Ziwa Titicaca walikuwa na mashamba ya mahindi huko chini, upande wa Pasifiki. Mahindi yale yalipopandishwa mlimani hayakuwa bidhaa ya kuuzwa. Yalikuwa chakula kinachorudi kwa ndugu.

Nyumbani kulikuwa na ayni: leo nakulimia, kesho unanilimia. Dola ya Wainka nayo ilidai zamu ya kazi, iliyoitwa mit'a. Haikugusa mazao ya shamba lako. Ilitaka jasho lako, na ukiwa zamuni ilipaswa kukulisha na kukunywesha pombe ya mahindi. Sisemi ilikuwa pepo. Jamii nzima nzima zilihamishwa mbali na kwao kwa amri ya Cusco, mji mkuu wa Wainka, na hilo tusilifunike.

Matunda ya kazi hiyo yalijaa maghalani. Mji mmoja wa Wainka, Huánuco Pampa, pekee palikuwa na maghala karibu 500, yamejipanga mlimani kwenye upepo wa baridi. Humo mlikaa chuño, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana nakipenda kisa hiki. Viazi vinatandazwa nje usiku, barafu inaviuma. Mchana jua linavilainisha, watu wanavikanyaga kwa miguu hadi maji yatoke. Siku kadhaa hivyo hivyo. Kinachobaki ni chepesi, kikavu, na kinakaa miaka. Llama hubeba kilo 30 hivi tu. Mzigo mwepesi ulikuwa na maana kubwa.

Wafanyabiashara hasa walikuwepo, lakini pembezoni mwa dola. Mwaka 1526 rubani wa meli Mhispania, Bartolomé Ruiz, alikutana baharini na jahazi la magogo lenye tanga, limesheheni nguo za sufu, fedha na dhahabu, vitu vya kubadilishana na kombe jekundu la bahari, mullu. Huku milimani kombe hilo lilitolewa sadaka ili mvua inyeshe.

Na hesabu? Ilifungwa kwenye nyuzi, khipu: rangi, mahali pa fundo, idadi ya mizunguko. Wahispania walipoingia bonde la Jauja, huko Peru, mwaka 1533, wenyeji waliwapa vyakula na vifaa, na kila kitu kikafungwa fundo. Mwaka 1561 machifu wao walifika na nyuzi zile mahakamani Lima, makao ya utawala wa Wahispania. Wakazisoma: llama, mahindi, vyungu, ndara, kuni. Vilivyoporwa navyo vilitajwa. Makarani wa Kihispania wakaketi, wakaandika walichosomewa.