Tuanzie Kwenye Mchoro: Mhadhara kuhusu Vitabu vya Kale vya Jiometri

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana wa Tanga, nimeombwa nieleze namna ya kukusanya vitabu adimu vya jiometri vilivyopigwa chapa zamani. Nitaanzia kwenye mchoro, kwa sababu mchoro ndio uliowatesa wachapaji. Herufi za risasi walikwisha kujua kuzipanga, lakini kuchapa pembetatu na duara zikae ubavuni mwa maneno yanayozieleza lilikuwa jambo zito. Erhard Ratdolt wa Venice alilimudu mwaka 1482, alipokitoa kwa mara ya kwanza katika chapa kitabu cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kiitwacho Elementa, akaacha pambizo pana na kuzijaza michoro zaidi ya 400.

Matini yake ya Kilatini, iliyopangwa na Campanus wa Novara katika karne ya 13, chimbuko lake ni tafsiri za Kiarabu. Sisi tunapomwita mjenzi wa madaraja mhandisi, tunatumia neno lile lile, handasa, ambalo kwa Waarabu ni jina la elimu hii. Ndiyo maana ningemshauri mkusanyaji wa pwani atafute kwanza toleo la Kiarabu la Elementa lililochapwa Rome mwaka 1594 katika matbaa ya ukoo wa Medici. Limebeba jina la mwanachuoni wa Uajemi, Nasir al-Din al-Tusi, ilhali kazi yenyewe iliandikwa mwaka 1298, naye alifariki mwaka 1274; jina la jaladani lisimtoshe mnunuzi.

Kabla ya kulipa, hesabu kila kilichomo. Toleo la Kiingereza la mwaka 1570, lililochapwa London na John Day, lina vipande vya karatasi vilivyogundishwa katika kitabu cha 11, yaani sehemu ya 11 ya Elementa, ambavyo msomaji huviinua kwa kidole na piramidi ikasimama juu ya ukurasa. Vipande hivyo hung'oka upesi. Ukikuta alama ya gundi kavu pasipo na kipande, usikubali bei ya nakala kamili.

Kisha kuna unyevu wetu. Nakala yangu ya Euclid, ya karne ya 19 tu, niliiweka katika kabati lililogusa ukuta wa mawe ya matumbawe, na masika moja yalitosha kuziotesha ukungu kurasa za duara, nikasikitika mno. Sasa kabati liko mbali na ukuta, na kila Ijumaa asubuhi, jua halijawa kali, ninaifunua nakala hiyo ukurasa mmoja mmoja ipate hewa.