Kamari Haiji Peke Yake: Tiba Ipi, kwa Nani, na Ianze Lini

Ndugu wanasihi, tuanze na utafiti mkubwa wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005. Kati ya waliokuwa na uraibu wa kamari, karibu asilimia 73 walikuwa wamepata tatizo la pombe wakati fulani maishani, na karibu nusu walikuwa wamepata maradhi ya hisia, kama sonona. Mteja mwenye kamari tupu, basi, ni nadra. Lakini majaribio mengi ya tiba huwaondoa mapema wenye sonona kali au ulevi mzito, kisha sisi tunayatumia matokeo yake kwa haohao.

Ushahidi mwingi zaidi unaunga mkono tiba ya fikra na tabia, yaani kumsaidia mteja kutambua na kubadili mawazo na mazoea yanayomsukuma kubeti. Chukueni ruleti, kamari ya gurudumu lenye vyumba vyekundu na vyeusi. Mteja anaamini kwamba nyekundu ikitoka mara tano mfululizo, sasa ni zamu ya nyeusi. Mchoreeni gurudumu la vyumba 37, yaani 18 vyekundu, 18 vyeusi na kimoja cha sifuri: nafasi ya nyeusi ni 18 kati ya 37, hata kama nyekundu imetoka mara 20. Kisha mpeni daftari. Kila hamu ikimjia aandike saa, alikuwa na nani, fedha alizonazo, wazo lililompitia, na hisia zake kwa alama 0 hadi 10.

Daftari hilo ndilo litakaloamua njia. Ikiwa alama za huzuni zinapanda kila mara kabla hajabeti, huyu anakimbia maumivu. Pengine hata hategemei kushinda. Kumfundisha hesabu za bahati ni kupiga ngumi hewani. Tibuni sonona, na saa zile za hatari zipangiwe shughuli nyingine.

Ikiwa anabeti akiwa amelewa, msisubiri pombe iishe ndipo mguse kamari. Zote mbili zishughulikiwe pamoja. Mahojiano ya kuhamasisha, yaani mazungumzo yanayomsaidia mteja kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika, kikao kimoja hadi vinne, yanafaa kuanzia, kwa sababu mara nyingi mtu yuko tayari kuacha kimoja tu. Mnywaji mzito asiambiwe aache ghafla bila daktari: anaweza kupata degedege.

Mwenye pupa, hasa mwenye upungufu wa umakini, huacha tiba mapema. Kwake anzeni na fedha: mtu anayemwamini ashike kadi, naye ajifungie akaunti za kubeti kwa hiari. Mazoezi ya kutuliza hisia yanaonekana kufaa, ila majaribio yake bado machache.

Swali la kujiua liulizwe kikao cha kwanza, waziwazi, na madeni yaulizwe hapohapo. Ulizeni pia dawa anazotumia. Pramipexole na ropinirole, zinazotumika kwa ugonjwa wa Parkinson, na aripiprazole, dawa ya maradhi ya akili, zinaweza kuamsha hamu ya kamari kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Linganisheni tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya kuanza kubeti. Zikikaribiana, mwandikieni daktari wake siku hiyohiyo. Mteja asiache dawa mwenyewe.